Usiku Mara Mbili: Tulivyompa Binti Yetu Jina

Mimi ni Saumu. Nilizaliwa Mumias katikati ya Ramadhani, magharibi, mama akiwa ndiyo kwanza ameonja uji wa kufuturu, na hakuna aliyekaa kikao kunitafutia jina. Mtoto wa mwezi wa mfungo ni Saumu, yamekwisha. Sisi ni Wawanga Waislamu. Dini iliwafikia wazee wetu kupitia wafanyabiashara wa pwani waliokuwa wakipiga kambi Elureko, Mumias ya sasa, enzi za mfalme wetu Nabongo Mumia, na pamoja na dini tukarithi majina yao: kina Mwanaisha, Mwajuma, Mwanahamisi, Rehema, Tatu. Nililipenda jina langu mpaka nilipofika darasa la nne.

Siku hiyo mwalimu alikuwa akitufundisha msamiati wa jikoni. Akaandika ubaoni: bizari, tangawizi, kitunguu maji, kitunguu saumu. Darasa zima likageuka kunitazama. Tangu saa hiyo hadi nilipomaliza darasa la nane niliitwa Kitunguu, na kulikuwa na mvulana mmoja aliyeziba pua kila nilipopita. Hata leo nikikutana naye stendi ya Mumias huniamkia, "Kitunguu, habari za Kisumu?" Naye ni baba wa watoto wanne.

Maalimu wetu wa madrasa ndiye aliyejaribu kunituliza. Aliniandikia maneno mawili kwa herufi za Kiarabu. La kufunga linaanza na swadi, la kitunguu linaanza na tha. Mwarabu hawezi kuyachanganya hata akiwa usingizini. Ni ulimi wetu sisi uliolainisha herufi zote mbili zikawa kitu kimoja. Nilimwelewa vizuri sana, ila kuelewa kwangu hakukumfanya yule mvulana aondoe vidole puani.

Kwa hiyo nilipopata mimba ya kwanza nikajiwekea ahadi. Mtoto wangu angepata jina lililochunguzwa, lenye maana njema, lenye mtu mwema aliyelibeba kabla yake, na lisilofanana na kitu chochote kinachouzwa soko la Kibuye.

Nimeolewa Kisumu, tunakaa Manyatta. Mume wangu ni Mjaluo wa Nyakach aliyesilimu miaka mitatu kabla hatujaoana. Siku alipotoa shahada watu msikitini walimzunguka wakimhimiza achague jina, naye kwa haraka akasema Idrisa, kwa sababu ndilo lililokuwa jina la jamaa aliyesimama karibu naye. Hakuna aliyemwambia kwamba halikuwa jambo la lazima. Kitambulisho chake mpaka leo kinasema Ochieng', mama yake humwita Ochieng', na mimi nikikasirika humwita Ochieng'.

Tulipopiga picha ya tumbo tukaambiwa ni msichana, mimi nilikuwa na jina tayari: Asiya. Mke wa Firauni. Qurani haimtaji kwa jina, hadithi ndizo zinazomwita hivyo, lakini dua yake imo kwenye Sura At-Tahrim, aya ya 11: Mola wangu, nijengee nyumba kwako Peponi. Mwanamke anaishi katika jumba la kifalme, mumewe anadai kuwa mungu, yeye anaomba nyumba nyingine. Aya hiyo ilikuwa ikinitoa machozi tangu nikiwa msichana. Nilitaka binti yangu awe na uti wa mgongo wa namna hiyo.

Tukaenda Kaloleni kumwona maalimu mmoja mzee ambaye mume wangu alisoma kwake baada ya kusilimu. Nilidhani atasema mashaallah na kutukaribisha chai. Badala yake akauliza, "Asiya kwa aini au kwa alifu?"

Nikabaki kinywa wazi. Miaka yote ya madrasa, sikuwahi kujiuliza.

Akachukua kalamu. Kuna Asiya inayoandikwa kwa aini na swadi, akasema, na maana yake ni mwanamke muasi, mkaidi wa amri. Binti mmoja wa Umar bin Khattab alikuwa na jina hilo, na Mtume (s.a.w.) akalibadilisha, akamwita Jamila, yaani mzuri. Hadithi hiyo iko katika Sahihi Muslim. Halafu kuna Asiya ya alifu na sini, ya mke wa Firauni, neno lenye harufu ya kutibu na kufariji. Kwa Kiarabu ukisikia hukosei. Kwa Kiswahili yote mawili ni Asiya tu. "Ukimwita mlangoni, malaika anayeandika anajua ni ipi," akasema. "Jirani yako hajui."

Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba hii ni hadithi yangu ya kitunguu imerudi kwa mlango wa nyuma. Herufi mbili za mbali, ulimi mmoja, zimekuwa kitu kimoja. Lakini niliamua kubaki na Asiya, ya alifu, na nikaiandika kwa Kiarabu nyuma ya kitabu changu cha kliniki ili isipotee.

Mpaka leo mtu akiniuliza kuhusu jina la mtoto, swali langu la kwanza ni hilo: umeliona limeandikwa kwa herufi za Kiarabu? Maana tunayotafuta inakaa kwenye herufi, nasi tunakwenda kuitafuta kwenye sauti ambayo tumeshaipitisha kwenye midomo yetu ya Kiluhya, Kijaluo na Kiswahili. Aisha wetu ni Asha. Ruqayya ni Rukia. Si vibaya, na mimi siwezi kumwambia shangazi yangu Rukia kwamba ameharibiwa jina. Ila kama unataka kujua maana, nenda kwenye chemchemi kwanza, kisha rudi uone mto umefika wapi.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ana saluni Kondele. Si Mwislamu, lakini alikuwa na bidii ya majina kunishinda mimi. Kila jioni alinitumia picha za orodha alizozipata kwenye simu. Majina mazuri ya wasichana wa Kiislamu, maana yake binti wa kifalme. Maana yake binti wa kifalme. Maana yake ua la binti wa kifalme. Nilianza kushuku kwamba aliyeandika orodha hizo alikuwa na maana tatu tu mfukoni na alikuwa akizigawa kwa zamu. Mengine hayakuwa Kiarabu wala lugha yoyote niliyoijua, yalikuwa silabi tamu tamu zilizounganishwa.

Siku moja akaja na mawili kwa mpigo, Malaika na Ulaika. La pili alikuwa ameambiwa na mteja wake kwamba limo ndani ya Qurani, mwanzoni kabisa, kwa hiyo lina baraka. Nami nikalipenda. Linaimba. Nikampigia maalimu simu.

Akacheka mpaka nikamsikia akikohoa. "Ni kweli limo," akasema. "Al-Baqara, aya ya 5. Ulaika ala hudan. Unajua maana yake? Hao." Akanyamaza kidogo. "Hao wako juu ya uongofu. Sasa wewe utasimama nje uite, Hao, njoo ule."

Kuhusu Malaika alikuwa mpole zaidi. Alisema Qurani inawalaumu waliowapa malaika majina ya kike, iko katika Sura An-Najm, na ndiyo sababu wanavyuoni wengine hawapendi msichana aitwe hivyo. Wengine hawaoni tatizo, hasa kwetu ambako neno hilo ni la kubembeleza tu. "Lakini kama una la uhakika, kwa nini ulale kwenye la shaka?" Halafu akaniongezea jambo ambalo sikuliuliza, kama kawaida ya maalimu. Mtume alimkuta Zainab bint Jahsh akiitwa Barra, yaani mwema, mtiifu. Jina lenye maana safi kabisa. Akalibadilisha vilevile, kwa sababu mtu anakuwa kama anajisifu kila anapojitaja. Zainab alilopewa ni jina la mti wenye harufu nzuri. Nikatafakari hilo usiku mzima. Kumbe maana inaweza kuzidi kuwa nzuri.

Binti yetu alizaliwa Jumanne saa nne usiku. Ninasema Jumanne kwa hesabu ya hospitali. Mama yangu, nilipompigia, alisema, "Alhamdulillahi, usiku wa Jumatano," kwa sababu kwetu jua likishazama siku imeshageuka. Nikamwuliza kwa utani kama basi tumwite Mwanajumatano. Kuna Mwajuma na kuna Mwanahamisi, lakini maskini Jumatano sijawahi kusikia ana binti.

Dakika chache kabla mtoto hajatoka stima zilipotea. Giza likaingia wodini kama mtu amefunika sufuria. Muuguzi aliwasha tochi ya simu, akaishika kwa meno, mikono yake ikabaki kazini, na binti yangu akatua duniani humo gizani, akilia kabla jenereta haijawaka. Sikumwona uso mpaka taa ziliporudi. Asubuhi baba yake aliruhusiwa kuingia, akamwadhinia kwenye sikio la kulia kwa sauti ya mnong'ono, akiogopa kuamsha wodi nzima, na alipofika kwenye hayya alal-falah sauti ikamkatika.

Sasa njoo kwenye karatasi. Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, hospitali huandika taarifa ya kuzaliwa, ile ambayo baadaye ndiyo huzaa cheti. Mimi nilikuwa nimesinzia. Mume wangu akaulizwa jina la mtoto, akalitaja kwa mdomo. Nilipoamka nikakabidhiwa karatasi, na juu yake, kwa herufi kubwa za kupendeza: ASIA.

"Jina zuri," akasema muuguzi wa zamu ya mchana, kwa nia njema kabisa. "Na wa pili mtamwita Ulaya?"

Wodi ikacheka. Mimi pia nilicheka, mshono ukaniuma, na ndani ya kicheko hicho nikamwona yule mvulana wa darasa la nne na vidole vyake puani. Nikaona ramani ya dunia imetundikwa ukutani, na mwalimu na kijiti chake, na watoto arobaini wanageuka kumtazama binti yangu. Bara kubwa kuliko yote. Mume wangu alisema tutaongeza "y" na mambo yatakwisha. Lakini "y" hiyo inaonekana kwenye karatasi tu. Masikioni haipo. Baada ya miezi saba ya kumpenda mke wa Firauni niliachana naye hapo hapo kitandani, na nakiri nililia kidogo.

Ninajua wako kina Asia wengi, wazima, wanaopendwa, ambao hawajawahi kuonyeshwa ramani. Sikuwa na ujasiri wa kubahatisha.

Mama mkwe alifika siku ya pili kutoka Nyakach na kuku wawili, mfuko wa omena na leso mpya ya kumbebea mjukuu. Alimpokea mtoto, akamgeuza huku na huku kama mtu anayekagua samaki, akaridhika. Akauliza anaitwa nani. Mume wangu akasema bado. Mama akaguna tu, kama mtu aliyekuta nafasi yake haijakaliwa.

Usiku huo mtoto alilia. Kulia kwa saa moja, kwa saa mbili. Nilimnyonyesha, nikambadilisha, nikamtembeza. Saa nane mama mkwe akatoka chumbani amejifunga leso kiunoni, akaketi karibu nami, akaanza kuita majina kwa sauti ya chini. Ya waliotangulia. "Awuor?" Kilio. "Anyango?" Kilio. "Adongo?" Kilio zaidi. Nilikuwa nimesikia habari hizi lakini sijawahi kuziona: mtoto wa Kijaluo akilia bila sababu, huenda kuna mzee wa ukoo anayedai kuitwa, na akitajwa mtoto hunyamaza. "Atieno?"

Mtoto akanyamaza.

Kimya hicho nakikumbuka. Mama mkwe akashika kifua, akasema kwa Kiluo kwamba mama mkwe wake yeye, marehemu, alikuwa Atieno, na kwamba mtoto huyu tena kazaliwa usiku. Machozi yakamtoka. Mimi niliyempakata mtoto bega langu likiwa limelowa ndiye niliyesikia, sekunde moja kabla ya Atieno, beuo la mtoto, kubwa kama la mtu mzima. Sikusema. Kuna ukweli ambao mkwe hausemi saa nane za usiku.

Lakini asubuhi mimi na mume wangu tulivutana. Nilimwambia siwezi kukubali kwamba roho ya marehemu imempanda mtoto wangu kudai jina. Naye akasema hajaomba nikubali hilo, anaomba nimkumbuke bibi aliyemlea. Nikamwambia mama yake Mariamu ndiye aliyemtaja binti yake jina, iko wazi katika Al Imran aya ya 36, nami nimewahi kubeba mimba yeye hajawahi. Akasema basi na yeye atoe la Kiislamu analolitaka: Shamsa. Jua. Kwa sababu yeye ni Ochieng', mtoto wa jua, na binti yake awe jua vilevile.

Nililiona zuri. Nilikuwa karibu kukubali. Tukamwita mama tumwambie.

"Samsa," akasema mama mkwe, akilionja. "Samsa. Samsa nyakwara." Samsa mjukuu wangu.

Kiluo hakina sauti ya "sh", wala ya "z", na mama alijifunza Kiswahili chake sokoni akiwa mtu mzima. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameshalisikia nililolisikia. Kutoka Samsa hadi sambusa ni hatua moja, na hatua hiyo mtoto wa darasa la kwanza anairuka bila kukimbia. Mama kitunguu, binti sambusa. Tungefungua mkahawa. Kwa msingi huo huo Zainab lilianguka, Aisha likaanguka, Zubeda sikulitaja.

Hapo ndipo akili yangu ilipogeuka, na kama kuna jambo moja ninalolijua leo ambalo sikulijua nikiwa mjamzito, ni hili. Nilikuwa nimetafuta jina kwenye vitabu kana kwamba mtoto ataishi vitabuni. Watakaomwita mara nyingi zaidi ni bibi yake, mashangazi, watoto wa ploti, kondakta atakayeitwa amshushe Kondele. Jina likipita kwenye midomo hiyo likatoka limevunjika, maana yake itabaki kabatini pamoja na cheti.

Ijumaa baada ya swala mume wangu alienda kwa maalimu tena, akamweleza yote, beuo likiwemo, maana nilikuwa nimeshamwambia. Aliporudi alikuwa na kikaratasi.

Kwanza kuhusu Atieno. Maalimu alisema kumwita mtoto jina la bibi wa babake kwa kumkumbuka ni jambo jema, na jina kutokuwa la Kiarabu si kosa. Mtume alibadilisha majina yenye maana mbaya au ya ushirikina, na masahaba wengi waliingia kwenye Uislamu na majina waliyopewa kabla yake wakabaki nayo. Kinachoachwa ni ile imani kwamba marehemu ndiye anayemliza mtoto. "Jina lichukueni, hofu iacheni." Mume wangu alilisikia hilo kwa namna yake, alikaa kimya muda mrefu jioni ile, na nadhani alikuwa akimkumbuka kijana aliyeambiwa achague haraka msikitini.

Pili, kwenye kikaratasi kulikuwa na neno moja kwa Kiarabu na chini yake Kiswahili: Leila. Atieno ni aliyezaliwa usiku. Leila ni usiku, na usiku wa giza zito hasa. Nikakumbuka stima zilizopotea na tochi kwenye meno ya muuguzi.

Nilimpigia mama yangu Mumias. Hakufurahi. "Leila ni jina la nyimbo za mapenzi," akasema. "Mpe jina la dini." Nikamsomea nyuma ya kikaratasi, ambako maalimu, akimjua mama wa aina hii hata bila kumwona, alikuwa ameshaandika: Leila bint Abi Hathma, sahaba, miongoni mwa Waislamu wa mwanzo waliohamia Habasha pamoja na mumewe Amir bin Rabia kukimbia mateso ya Makka. Mama akauliza, "Habasha ni Ethiopia, siyo?" Nikamwambia ndiyo. "Kumbe alikuja huku kwetu," akasema, na mjadala ukafungwa kwa jiografia. Kidogo nimwambie kuhusu Lailatul Qadri, usiku ulio bora kuliko miezi 1,000, lakini alikuwa ameshaanza kuniuliza kama nakula vizuri.

Kisha nikafanya mtihani wangu. Nilisimama mlangoni mwa jikoni nikaita Leila kwa sauti ya kawaida. Nikaita kwa hasira. Nikaita kama ninayemtaka atoke barabarani tuktuki inakuja. Nikamwomba mume wangu aite akiwa anapiga mswaki. Nikamwomba wifi alitaje mbele ya wateja wake kwenye saluni, anipigie aniambie kama kuna aliyecheka. Hakuna. Mwisho nikampa mtoto mama mkwe na kumwambia tumefikiria Leila, na la pili libaki Atieno.

"Leila," akasema. Likatoka zima, halina kovu. "Leila Atieno." Hatukumweleza maana. Alichotaka ni Atieno libaki, na lilikuwa limebaki.

Akika, ile dhabihu ya siku ya saba ya mtoto, tulifanya Jumanne iliyofuata. Kulikuwa na ubishi mdogo wa kuhesabu, kwa sababu majirani walisema mtoto wa Jumanne siku yake ya saba ni Jumatatu. Maalimu akasema aliyezaliwa usiku huhesabiwa kuanzia mchana unaofuata, kwa hiyo Jumatano ndiyo ya kwanza na Jumanne ndiyo ya saba. Si dhambi ukikosea, wala jina halilazimiki kungoja. Mtume alimpa mwanawe Ibrahim jina usiku uleule aliozaliwa. Lakini mimi nilishukuru zile siku saba. Kama tungemwita siku ya kwanza angekuwa bara.

Kwa msichana ni mbuzi mmoja, kwa mvulana wawili. Mama mkwe alipoelezwa alihesabu kwa vidole, "Mimi nina wavulana watano. Mngenifilisi." Mtoto alinyolewa, nywele zikawekwa kwenye kikaratasi, sunna ni kutoa sadaka ya fedha yenye uzito wake, na nywele zenyewe zilikuwa nyepesi kiasi kwamba upepo wa mlangoni ulitaka kuondoka na sadaka. Tulikadiria kwa kuzidisha, tukatoa. Wanga na Wajaluo walikula pilau kwenye ploti moja, na wifi alimtambulisha mtoto kwa kila aliyeingia kama vile yeye ndiye aliyelipata jina.

Karatasi ya hospitali ilinichukua safari tatu. Ningeshauri mtu yeyote amwandikie mume wake jina kwenye kipande cha karatasi, kwa herufi kubwa, akiweke mfukoni kabla ya uchungu kuanza. Kuzaliwa kunapaswa kusajiliwa ndani ya miezi sita. Ukipita hapo unaingia kwenye usajili wa kuchelewa, na huo una mlolongo wake. Sisi tuliwahi. Karani aliniuliza kwa nini nabadilisha Asia, nikamwambia ni hadithi ndefu inayoanza na kitunguu, akaniangalia, akagonga muhuri.

Cheti kilipotoka kilisema Leila Atieno Ochieng'. Jina la baba limekaa mwisho, kama inavyotakiwa. Qurani yenyewe inasema waiteni kwa baba zao. Tulikipeleka Nyakach tukamwonyeshe bibi. Mtoto alikuwa na miezi minne, na hatukuwa tumelala usiku mzima hata mara moja. Mume wangu akamsomea mama yake jina moja moja, na kwa kuwa alikuwa na furaha, akamfunulia kilichokuwa kimebaki: kwamba Leila, kwa Kiarabu, maana yake ni usiku.

Mama mkwe aliacha kuchambua omena. Akamtazama mtoto, akatutazama macho yetu mekundu.

"Kwa hiyo mmemwita Usiku," akasema, "halafu mkamwita Usiku tena. Na mnashangaa halali."

"Jua liko mwisho, mama," akasema Ochieng'. "Soma mpaka mwisho."

"Saa ngapi?" akauliza mama.